Maneno Aliyotungiwa Marehemu

"Haiwezekani!"

Sauti ilitoka katikati ya msongamano. Siku hiyo duka la vifaa vya umeme lilikuwa limepunguza bei, na watu walijaa kama siafu. Ukutani runinga kumi na mbili zilionyesha kitu kimoja, marudio ya tamthilia ya "Kule Kusikofikika", na chombo cha angani kilikuwa kimelipuka kwa kishindo hata vioo vya rafu vikatetemeka. Aliyepiga kelele alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, shati jeupe limenyooka kifuani na mgongoni limejaa makunyanzi. Mkononi alishika pasi mpya. Bila shaka ile ya zamani ndiyo iliyomfanyia vituko.

"Haiwezekani nini, kaka?" aliuliza mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Alivaa sketi ndefu ya zambarau na raba nyeupe, na nywele alizibana kwa kalamu ya risasi.

"Hicho kishindo. Huko juu hakuna hewa, dada. Pasipo hewa hapana sauti. Chombo kingepasuka kimya, wala usingesikia hata kuh. Aliyeandika hii alikuwa anasinzia darasani."

"Hakusinzia. Alifukuzwa."

"Unamfahamu?"

"Sana. Leo asubuhi nimempigisha mswaki mwenyewe."

Yule bwana akafikiri kidogo. Kisha ikamwingia. Akainua boksi la pasi akajificha uso, na watu wa foleni nzima wakaangua kicheko.

Mwandishi, maana ndivyo kila mtu alivyomwita, hata mama yake alipomtania, hakukasirika. Aliiona haya ya yule mtu mzima, nayo ikampendeza. Walipofika nje akamuuliza mambo hayo ameyajulia wapi. Bwana akajibu kwamba anafundisha elimu ya nyota chuo kikuu.

"Basi nisaidie. Ni kweli nyota tunazoziona zimeshakufa, tunaona maiti tu?"

"Uongo mwingine huo! Mwanga huchelewa, hilo kweli. Hata wa jua hutufikia baada ya dakika nane na ushei. Lakini nyota unazoziona kwa macho, nyingi bado zipo. Ziko karibu, kwa hesabu za huko. Waliopenda huzuni ndio waliozizika kabla ya siku zake."

Alisema hayo huku akitazama pembeni. Mwandishi akaona kitu kimepita usoni mwake, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine. Angejua!

Baada ya mwezi mmoja bwana yule alikuwa mshauri wa sayansi wa tamthilia, na studio nzima ilikuwa imempa jina: Bwana Haiwezekani. Kazi yao ilikuwa na utaratibu wake. Mwandishi humpa kurasa zilizochapwa, naye huzirudisha zimejaa maandishi pembeni. Wino mwekundu maana yake sayansi imekosewa, badilisha. Wino wa kijani maana yake chukua, tumia upendavyo. Kalamu ya risasi ilikuwa maneno ya wao wawili, hayawahusu wengine. Mwanzoni risasi ilikuwa utani tu. "Leo umependeza." Kisha: "Jana nilikusubiri langoni, ukapita unaongea peke yako." Kisha: "Nakupenda, na sina hesabu ya kulithibitisha."

Simu nazo zikaanza, asubuhi kabla ya kazi na jioni baada yake.

"Muongo wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri. Nani kakwambia mimi muongo?"

"Anayeishi kwa kutunga si muongo?"

"Basi na wewe je? Unasema saa ya mtu anayesafiri kwa kasi kubwa inakwenda polepole kuliko yangu. Ningekuwa mimi nimesema, ungeniita mchawi."

"Hilo limepimwa, mpenzi. Saa zimepandishwa ndege, zikashushwa, zikatofautiana."

"Bibi yangu alilijua bila ndege. Alitusimulia habari ya mtu aliyelala usiku mmoja pangoni, akarudi kwake akakuta watoto wake wana mvi. Msimu wa pili wote nimeutoa hapo."

"Na ule mkasa wa barua za rubani?"

"Huo ni wa baba. Alikuwa baharia. Barua yake ilifika baada ya miezi mitatu. Inasema ana mafua, mama anaanza kulia, na mwenyewe ameshapona zamani. Nilikua nikijua kwamba baba ni mtu wa miezi mitatu iliyopita."

Upande wa pili kukawa kimya kirefu.

"Haloo? Umekata?"

"Nipo," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nipo, mpenzi."

Jumamosi moja akamkaribisha kwake. Ilikuwa nyumba ya ghorofa ya tatu, safi kupita kiasi, na mapazia ya rangi ya udongo yalishonwa kwa ustadi mno. Mwandishi akayasifu.

"Ameshona mama mkwe wangu," akasema. Kwamba aliwahi kuwa na mke na mke akafariki, alishamwambia siku nyingi, kwa sentensi moja, na akafunga mlango wa mazungumzo. Lakini kumbe mama mkwe alikuwa bado mkwe.

Juu ya rafu ya vitabu palikuwa na simu ya zamani, kioo kimepasuka pembeni, imechomekwa kwenye chaji. Kitaa chake cha kijani kiliwaka na kuzima, kiliwaka na kuzima. Mwandishi alipokuwa anakunywa chai alihisi kuna mtu wa tatu mle ndani. Si kwamba alisikia kitu. Aligeuka tu mara mbili kutazama nyuma, na mara zote mbili ni kile kitaa.

"Simu ya nani ile?"

"Ya zamani tu."

"Mbona huizimi?"

"Kunywa chai, itapoa."

Akanywa. Ila alipoinuka kwenda kunawa, mwanamume alihama kiti, akakaa katikati yake na rafu. Hapo Mwandishi akajua anagombea mtu na asiyeonekana, na kwa mara ya kwanza akaogopa kwamba atashindwa.

Sasa ndipo likaja kosa lenyewe. Mkasa wa nane ulihusu chombo kilichopotea. Ujumbe wake wa mwisho unafika duniani wakati wanaanga wake wote wameshakufa, kwa kuwa mawimbi ya redio nayo yana mwendo wake, hayafiki papo hapo. Mwandishi aliandika kurasa kumi, Bwana Haiwezekani akazirudisha zimejaa rangi. Kabla hazijamfikia Mwandishi, mwongozaji alizipitia, akaamuru zitolewe fotokopi, na nakala halisi akaifungia kabatini kwake. Mwandishi akapata fotokopi. Na fotokopi, kama mjuavyo, haina nyekundu wala kijani wala risasi. Yote nyeusi tupu.

Ukurasa wa saba, pembeni, paliandikwa hivi: "Mtu mmoja alitumiwa ujumbe wa sauti na mkewe aliyekuwa njiani, ndani ya basi. Mtandao ulikuwa umekatika. Ulipofika, mke alikuwa amefariki ajalini saa mbili nyuma. Mume hajaufungua mpaka leo. Maadamu hajaufungua, mkewe bado yuko njiani. Mama wa marehemu huuliza kila mwaka: mwanangu alisema nini mwisho? Mume hujibu: hakusema kitu."

Utaniuliza, mbona hakushtuka? Alishtuka. Alikumbuka kitaa cha kijani. Akashika simu ampigie, akaiweka. Mwandishi akiona kisa kizuri huwa kama paka aliyeona maziwa, hayaulizi ni ya nani. Akajiambia kwamba lazima ulikuwa wino wa kijani. Akaandika siku mbili mfululizo. Na kwa kuwa watazamaji hawawezi kuachwa na ujumbe usiofunguliwa, akamfanya mume wa kwenye tamthilia aufungue, kisha akamtungia marehemu maneno ya kusema.

Siku ya kurekodi alisimama nyuma ya kioo. Mwigizaji alisogelea maiki, akavuta pumzi, akasema taratibu: "Msiniwashie taa. Nimeshafika penye mwanga. Mwambieni mama sikuogopa." Fundi sauti, mwanamume wa makamo asiyetikiswa na lolote, akavua visikilizi na kujifuta macho. Mwandishi alipaswa kufurahi. Badala yake alisikia baridi, akatazama nyuma, na nyuma palikuwa na ukuta tu.

Mkasa ulirushwa Jumapili jioni. Simu ikalia kabla hata majina hayajaisha kupita.

"Mpenzi, umeona?"

"Nani alikupa ruhusa?" Sauti ilikuwa ngeni kabisa.

"Ruhusa ya nini? Uliandika pembeni..."

"Kwa risasi! Niliandika kwa risasi! Miaka minne sijamwambia mtu, nimekwambia wewe peke yako, nawe siri yangu umeipeleka kwenye runinga!"

"Nilipewa fotokopi. Haki ya Mungu, rangi hazikuonekana."

"Na wewe hukuhisi kitu? Hata kidogo?"

Hapo angeweza kudanganya, na riziki yake ilikuwa huko. "Nilihisi," akasema. "Nikaandika."



"Mama mkwe amenipigia," mwanamume akasema. "Amejua. Usinitafute tena."

Simu ikakatwa. Akapiga, ikaita bure. Kesho yake akapiga tena, na kesho kutwa. Kurasa za mkasa wa tisa zikarudishwa studio na mpeleka barua. Zilikuwa na wino mwekundu mahali pawili. Akazigeuza zote nyuma na mbele akitafuta alama ya risasi, hata nukta, asipate. Akakaa chini kwenye korido ya chombo cha angani cha mbao, kile cha kuigizia, kati ya milango ya plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, akalia kwa sauti mpaka mafundi wa taa wakaondoka mmoja mmoja kwa adabu.

Wiki tatu zikapita. Ya nne akasema potelea mbali, kama sitapata mapenzi basi nipate msamaha, na si wake tu. Akauliza, akaelekezwa, akafika kwenye duka la mapazia la yule mama mkwe, nyuma ya kituo cha mabasi.

Mama alikuwa mfupi, mnene kiasi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, futi ya fundi shingoni. Cherehani ilikuwa inakwenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ya sebuleni au ya chumbani?"

"Sikuja kwa mapazia. Mimi ndiye niliyeandika ile tamthilia. Ule mkasa wa ujumbe."

Cherehani ikasimama. Mwandishi akajiandaa kutukanwa, na kama angepigwa futi ya mgongo angepokea. Badala yake mama akainuka, akazunguka meza, akamshika mikono yote miwili.

"Kumbe ni wewe! Kaa, kaa hapa. Mkwe wangu alikusimulia wewe akashindwa kunisimulia mimi. Simlaumu, wanaume wana mioyo ya kioo. Lakini nimeyasikia. 'Msiniwashie taa. Nimeshafika penye mwanga.'" Akafumba macho. "'Mwambieni mama sikuogopa.' Miaka minne, mwanangu, kila basi likipita hapo nje najiuliza, aliogopa? Aliniita? Sasa nalala. Nayasema kabla ya kulala."

Maneno ambayo Mwandishi aliyaandika kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana, tena akayafuta mara tatu kwa sababu sentensi haikukaa sawa, yalikuwa yamekuwa wasia. Akiondoka kimya, mama atalala usingizi mtamu mpaka kufa kwake, na mwanamume atabaki na simu yake ambayo hataifungua kamwe, na huenda siku moja akamsamehe. Akisema, atamnyang'anya mama usingizi, na mwanamume hatamtazama tena usoni. Njia zote mbili alizitazama. Na katikati aliona sura ya mwanamke asiyemjua, aliyesemewa maneno yasiyo yake, akiwa hana namna ya kukanusha.

"Mama," akasema, "naomba unisamehe. Yale maneno niliyatunga mimi."

"Uliyatunga vipi?"

"Kichwani mwangu. Ujumbe wenyewe haujafunguliwa. Hakuna anayejua alisema nini. Hata mkweo hajui."

Mama akaachia mikono yake polepole. Akavaa miwani, akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza ameingia. Nje basi lilipiga honi, likaondoka. Hakulia. Alichukua simu yake, akabonyeza, akaweka sikioni.

"Mkwe," akasema. "Ilete hiyo simu. Sasa hivi. Sikuulizi, nakwambia."

Alifika baada ya nusu saa, shati limekunjamana mbele na nyuma, simu ya zamani ameifunga kwenye kitambaa. Alipomwona Mwandishi akasimama mlangoni.

"Umemwambia."

"Nimemwambia."

"Kwa nini? Alikuwa na amani!"

"Alikuwa na amani yangu mimi, si ya mwanawe." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Nilishamwibia mara moja. Sikuweza mara ya pili."

"Ninyi wawili mtagombana baadaye," mama akasema. "Funga mlango. Keti. Na wewe binti, keti, usisimame kama mdai."

Akaweka simu juu ya kitambaa cha pazia. Kitaa kiliwaka na kuzima. Mwanamume alirudisha mikono nyuma.

"Mama, nikifungua, ameisha. Unanielewa? Sasa hivi bado yuko njiani. Nikifungua, ndiyo mwisho wa kila kitu chake."

"Baba," mama akasema kwa upole uliomuuma Mwandishi hadi mfupani, "mimi ndiye niliyemwogesha. Hayuko njiani. Ni wewe uliyembakisha barabarani miaka minne. Mfungulie."

Akabonyeza.

Kwanza ulikuja upepo na muungurumo wa injini, na mtu akicheka mbali. Halafu sauti ya mwanamke, ya haraka, yenye mkwaruzo kidogo, sauti ambayo Mwandishi hangeweza kuitunga hata angekaa mwaka mzima: "Weee! Unanisikia? Mtandao wa huku balaa tupu. Hivi ufunguo wa kabati la jikoni ulificha wapi? Nimetafuta jana mpaka nimechoka, au umeula? Halafu mwambie mama asiningoje, ale, namjua atakaa na njaa akijifanya hana hamu. Jirani yangu hapa ananikanyaga mguu, na yeye ndiye anayenuna! Haya bwana, nakuja. Bai, bai, bai."

Ikakatika.

Kisha mama akatoa sauti, na Mwandishi akainuka kumshika akidhani anazimia. Kumbe anacheka. Alicheka akilia, akipiga paja.

"Ndiye! Ndiye huyu! Bai tatu, kila siku bai tatu! Rudia, mkwe, rudia."

Wakarudia. Mara ya tatu mama akageuka kwa Mwandishi.

"Yako yalikuwa mazuri, mwanangu. Mazuri mno, ningepaswa kujua. Wangu hakuwahi kusema mambo ya penye mwanga hata siku moja." Akafuta miwani. "Na hakuogopa. Umesikia? Hakujua lolote. Alikuwa anauliza ufunguo."

"Nilikuwa nao mfukoni," mwanamume akasema. Akainamia meza, na kilio alichokizuia miaka minne kikamtoka, cha mtu mzima, kibaya kusikiliza. Mwandishi alinyoosha mkono, akaurudisha. Mama akaona.

"Huyu ni nani wako?"

Mwanamume akainua uso. "Mama, nisamehe. Ninampenda."

"Nimeuliza tu. Jibu nilikuwa nalo. Anayekuja kwa mfiwa kujisema mwenyewe hakuja kutafuta mapazia." Akaivuta simu upande wake. "Hii itabaki hapa."

Mwanamume aliiachia, akaishika tena, mwisho akaiachia.

Kwenye ngazi za duka, jua la saa tisa likiwapiga usoni, mwanamume alisimama akipapasa mfuko mtupu.

"Nimekukasirikia sana," akasema.

"Najua."

"Bado sijamaliza."

"Kasirika taratibu, sina safari."

Akamtazama kwa muda. "Tuoane."

"Weee! Umetoka kulia sasa hivi, unaniuliza juu ya ngazi, na kamasi hujafuta?"

"Nitafuta."

"Hapana, mpenzi." Akamshika shavu. "Nakupenda mpaka najichukia. Ila sitakujibu mbele yake, sauti yake ingali masikioni mwako. Kalale usiku mmoja kwanza, nyumba ikiwa giza, bila kile kitaa. Ukiamka bado unanitaka, niulize."

Usiku ule Mwandishi ndiye aliyekesha. Alijiona mjinga. Alijua watu huogopa giza wakarudia taa zao, na alijua huenda kesho mwanamume atakwenda duka la mapazia kuomba simu yake, na hapo mambo yao yatakuwa yamekwisha.

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi simu ikaita.

"Nimelala," sauti ikasema, nzito bado.

"Vizuri?"

"Nimemwota."

Akafumba macho. "Alisemaje?"

"Hakusema kitu. Alikuwa ameshafika nyumbani, amekaa kitandani anavua viatu." Kitanda kikalia upande wa pili wa simu. "Sasa nakuuliza."

Mwandishi alikuwa na maneno mengi mazuri kwa saa kama ile. Alishawapa watu wengine wengi, kwa miaka, wakalia nayo nchi nzima. Hakutaka hata moja.

"Ndiyo," akasema. "Njoo."